Milioni 130: Range Rover Sport au Land Cruiser V8? Wenye nazo njooni tuelezane

#1 MtuWaMikocheni
Habari wakuu. Nina Harrier ya zamani, haijawahi kunisumbua, ila familia imekua na mke wangu mgongo haumpi raha. Nimejipanga na milioni 130, ushuru na kila kitu humo humo. Macho yangu yako kwa Range Rover Sport ya 2014 dizeli 3.0, Land Cruiser V8 ya 2010 dizeli, au Lexus LX570 kama itapatikana ya bei hiyo. Mwezi wa 12 lazima nipande Moshi, na kazi inanipeleka Dodoma mara kwa mara.

Kinachonichanganya ni hiki. Jamaa alinipa lifti ya Range mpaka Dodoma, nikashuka kama mtu aliyetoka sebuleni kwake. Kurudi nikapanda V8 ya ofisi, kiuno kikaanza kuuma tangu Gairo. Halafu kila fundi ninayemuuliza ananiambia Range ni ugonjwa, chukua V8. Sasa huo ugonjwa ni wa gari au ni wa sisi tunaolitunza? Na hiyo V8 inayosifiwa hivyo, raha yake iko wapi?

#2 Kiti_cha_Nyuma
Nimewahi siti ya mbele na karanga zangu. Sisi wa IST tunasoma tu tujue matajiri wanalia nini.

#3 FundiTabata
Mkuu, magari ya aina hiyo ndiyo yananilisha, kwa hiyo sina sababu ya kuyasema vibaya.

Raha uliyoisikia inatoka kwenye mifuko minne ya hewa iliyokaa mahali pa springi. Kompresa inajaza tangi la hewa, tangi linalisha mifuko kupitia boksi la valvu, na kila kona kuna sensa inayoiambia kompyuta gari limekaa urefu gani. Mfuko ni mpira, na mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki tu. Unachanika pale pale unapojikunja kila siku. Mpasuko mdogo hauonekani kwa macho: usiku hewa inatoka, asubuhi kompresa inakesha kulinyanyua gari, mwisho inaungua. Mwenye gari anasoma mtandaoni kwamba kompresa ndiyo imekufa, ananunua mpya, anafunga, mfuko unaovuja anauacha humo humo. Kompresa mpya nayo inakwenda. Hapo ndipo anapoanza kutangaza kwamba gari ni takataka.

Kabla hujanunua, egesha kwenye sakafu tambarare jioni. Pima kwa tepu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, andika. Asubuhi pima tena kabla hujawasha. Likiwa limeshuka lote sawasawa usifurahi, maana nyingi kompyuta inaamka usiku na kuzishusha kona nyingine zilingane na ile iliyoanguka. Kisha maji ya sabuni kwenye mifuko na kwenye maungio ya paipu. Mapovu hayahongeki.

#4 DerevaMstaafu
Salaam vijana. Nimeendesha mashangingi ya serikali kuanzia VX za zamani mpaka hizi V8. Mtoa mada, kiuno chako kisiilaumu gari peke yake. V8 imekaa juu ya chasisi na ekseli ya nyuma ni ngumu, gogo moja kutoka tairi hadi tairi, hivyo kwenye lami yenye mawimbi inarusha kidogo, hilo sikatai. Lakini gari nyingi za ofisi hujazwa upepo kama zimebeba saruji, kwa sababu dereva anaogopa pancha. Punguza upepo ufuate kibandiko kilichopo mlangoni, uone kama utalia tena.

Halafu barabara ya vumbi ndiyo inayoonyesha nani ni nani. Enzi hizo Kondoa haijawekewa lami, V8 ilikuwa inapita juu ya makorongo watu wamelala nyuma. Na ile ya dizeli yenye matangi mawili inabeba lita 138. Ukijaza Dar unafika Mbeya hujagusa kituo.

#5 Mbishi_wa_Temeke
Range ziliharibika siku Wahindi walipoinunua kampuni. Zile za zamani zilikuwa na injini ya BMW, hazikuwa na tatizo lolote. Mjadala umefungwa.

#6 Kumbukumbu
Mbishi #5, hakuna kilichofungwa. BMW waliichukua Land Rover 1994 wakaiachia 2000 ikaenda Ford. Tata wa India wakanunua 2008. Injini ya BMW ilikuwa kwenye Range kubwa iliyotoka 2002, baadaye ikaja ya Jaguar. Range Sport ya kwanza, ile ya 2005, haikuwahi kuwa na injini ya BMW, ilijengwa juu ya msingi wa Discovery 3. Malalamiko ya umeme yalikuwepo kabla Tata hajafika mlangoni. Na Range kubwa na Sport zilibaki kutengenezwa Solihull, Uingereza, kule kule.

Sport anayoitaka mtoa mada ni toleo la pili, la 2013. Hiyo bodi ni aluminiamu, kampuni ilisema uzito ulipungua hadi kilo 420 kwa baadhi ya matoleo. Sehemu ya ile raha inatoka hapo, si kwenye mifuko ya hewa tu.

#7 Mbishi_wa_Temeke
Kwa hiyo unakubali zilikuwa na BMW. Asante.

#8 LeicesterBongo
Niko Uingereza, niwape la huku. Mtu wa huku anachukua gari kama hili jipya kwa mkataba wa miaka mitatu, analipa kila mwezi, waranti ikiisha analirudisha. Anayefuata analinunua kwa bei nzuri, anakuta bili ya kwanza kubwa, analiuza. Wa tatu anabana matumizi, oili inabadilishwa kwa kusuasua. Wewe wa Dar ni wa nne au wa tano. Land Cruiser iliyokaa Japani haikupitia mikono ya namna hii, kwa hiyo mkilinganisha mnalinganisha pia tabia za wenye nazo.

Kitu cha bure kabisa: kila gari la huku likifika miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT. Historia yake iko wazi kwenye tovuti ya serikali, unaweka namba ya usajili ya Uingereza tu. Utaona maili za kila mwaka, lilifeli nini, lilionywa nini. Muuzaji akikataa kukupa ile namba ya zamani, mpe mkono wa kwaheri. Angalieni pia kutu chini, huku barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi.

#9 BiMbweni
Mnazungumzia injini wakati kaka aliuliza mgongo wa mke wake.

Mimi nilikuwa na gari la kifahari lenye rimu za inchi 21, tairi 275/45. Pigeni hesabu: asilimia 45 ya milimita 275 ni kama milimita 124 za mpira kati ya rimu na lami. V8 nyingi zinavaa 285/60 R18, hapo ni milimita 171. Shimo la Dar halijui kama una mifuko ya hewa au huna, likimkuta mpira mwembamba linagonga rimu na wewe unagongwa. Nilishuka inchi nikaongeza mpira, gari likawa jingine kabisa. Wengi wanaolalamika shangingi la Ulaya ni gumu wanaendesha rimu ya maonyesho.

Na kabla hajanunua amkalishe mama ndani saa nzima kwenye foleni ya Mwenge. Si kuzunguka yadi dakika tano. Kiti, urefu wa kupandia, sehemu ya kuegemea kiuno. Mwenye mgongo ndiye achague.

#10 DerevaMstaafu
Dada #9 umesema kweli tupu. Nilimpandisha bosi mmoja kwenye V8 iliyofungwa rimu za 22 na mwanawe. Alishuka Chalinze akahamia gari la msafara.

#11 Yalinikuta
Naomba nichangie bila kutaja chapa, maana mtaleta ligi. Nilikuwa na shangingi la Ulaya, dizeli, kubwa. Raha yake sijaipata tena kwenye gari lolote. Kimya ndani, mvua inanyesha husikii. Siku moja gereji fulani wakabadilisha paipu ya maji ya kupoza injini, wakajazia maji ya bomba na kilichobaki kwenye kidumu cha kupozea cha rangi nyingine. Mimi sikujua. Miezi ikapita, radieta ikaota tope, gari likapandisha joto pale Kitonga na silinda hedi ikapinda. Gari halikuwa na kosa. Lakini nilipouliza bei ya hedi nikaelewa kwa nini watu wanaliogopa.

#12 Kiti_cha_Nyuma
Touareg ya Volkswagen hiyo.

#13 Mbishi_wa_Temeke
Kimya kwenye mvua ni ML ya Mercedes. Nabisha na mtu.

#14 Yalinikuta
Nimesema sitaji na sitaji.

#15 Msafishaji
Wote mmeacha mzizi. Mafuta. Afrika Mashariki tulihamia dizeli yenye sehemu 50 za salfa kwa milioni Januari 2015. Kabla ya hapo ilikuwa juu zaidi. Injini za Ulaya za kipindi hicho zilitengenezwa kwa salfa 10. Ukiweka dizeli yetu kwenye gari lenye chujio la masizi, sensa na valvu za kurudisha moshi, unaliua taratibu. V8 ya Toyota iliyotengenezwa kwa soko letu haina hayo madude mengi, ndiyo maana inavumilia. Si suala la ubora, ni gari la nchi nyingine.

#16 FundiTabata
Msafishaji, nusu nakubali. Ninachokutana nacho gereji ni tofauti kidogo. Chujio la masizi linajisafisha kwa kuchoma masizi likiwa na joto kali, karibu nyuzi 600, na joto hilo linapatikana gari likitembea mwendo wa safari kwa muda. Mtu anatoka Masaki anakwenda Posta, AC imewashwa, injini haijapata hata pumzi. Chujio linaanza kujisafisha, anafika, anazima. Kesho hivyo hivyo. Huyo hata ukimletea dizeli ya Ujerumani litaziba. Yule yule angekuwa anakwenda Dodoma kila wiki asingenijua.

Wengine huling'oa na kufuta programu. Moshi unakuwa mweusi na thamani ya gari inashuka kwa mnunuzi anayejua.

#17 Msafishaji
Salfa inaharibu vichocheo polepole, huwezi kuiona gereji. Sibadili msimamo.

#18 MzanzibariMaskati
Assalaam aleikum jamaa zangu. Huku Oman mwendo ni Land Cruiser, mashamba na jangwani, joto la nyuzi 48 na AC inapiga barafu. Lakini msidhani wote wanaendesha V8. Nyingi za Ghuba ni petroli V6 ya 4.0, nzito kidogo kuondoka lakini injini haina turbo, haina mambo. Nimeona zimepita kilomita laki nne zikiwa hazijafunguliwa. Range nazo zipo tele, ila watu wanazo za mjini, za Ijumaa. Wanaokwenda mchangani wanachukua lile la kurudi nalo nyumbani. Tatizo la huku usukani upo kushoto, kwenu haifai, basi msinitumie ujumbe wa kuagizwa.

#19 Nairobi_Westi
Kenya sisi sheria ya miaka minane imetusaidia, gari kuukuu haliingii. Lakini hata hizo za miaka saba zikifika Grogan, kule kwa wauza spea, utapata watu wametoa spea kwa lingine kufunga kwa lingine. Mimi nina Prado 150 ya dizeli. Si tamu kama Range, lakini nikitaka kuiuza leo, jioni pesa iko kwa simu. Ukiuza Range unamtafuta mnunuzi, ukiuza Prado mnunuzi anakutafuta. Hesabu hiyo pia iko ndani ya gharama, mazee.

#20 MtuWaMikocheni
Asanteni sana wakuu. Naona kila mtu ana mkosaji wake: mifuko, mafundi, mafuta, matairi, wenye magari wa kwanza. LX570 mbona hamuigusi? Nayo si ina mifuko ya hewa kama Range? Kama ndivyo, kwa nini haina jina baya?

#21 Mbishi_wa_Temeke
Ina mifuko ya hewa ya Kijapani. Tofauti ni hiyo.

#22 FundiTabata
Hapana. LX570 haitumii hewa, inatumia mafuta ya haidroliki. Pampu inasukuma mafuta kwenye shokapu, na kuna matufe yenye gesi ya naitrojeni yanayofanya ulaini. Springi za chuma bado zipo zinabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo pampu ikifa gari halilali chini kabisa. Ubaya wake: matufe yakiisha gesi gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na wengi hudhani ni bushi. Kupima ni rahisi. Weka gari juu, soma alama kwenye chupa ya mafuta. Lishushe chini, soma tena. Tofauti ya alama 14 ni matufe mazima, ikiwa 7 kushuka, yamekwisha. Huhitaji mashine.

Petroli 5.7 lakini. Mjini kilomita tano kwa lita ushukuru.

#23 Kiti_cha_Nyuma
Kilomita tano kwa lita... nimeenda kuikumbatia IST yangu.

#24 MkokotoaUshuru
Naona mmesahau TRA. Gari linaloagizwa likiwa na zaidi ya miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, likipita miaka kumi ni asilimia 30. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini zaidi ya cc 2000, kisha VAT 18 juu ya jumla. Na thamani ni ya jedwali la TRA, si risiti yako. Kwa hiyo V8 ya 2010 ikitoka nje sasa hivi haiwezi kuwa na hesabu hiyo ya milioni 130 kirahisi, tafuta iliyokwisha ingia nchini. Ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujaota. Viwango hubadilika kila bajeti ya Juni.

#25 Kumbukumbu
Nami niongeze haki kidogo upande wa pili, maana Toyota anageuzwa malaika hapa. Ile V8 dizeli ya 4.5 ina turbo mbili na nozeli nane. Nozeli nane zikichoka, nenda Gerezani ukaulize bei halafu urudi utuambie kama bado unacheka Range. Matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa kula oili, na vumbi likipita pembeni ya filta ya hewa injini inaliwa kimya kimya. Inabeba lita 9 na kitu za oili kila sevisi. Watu wanaisifia kwa sababu fundi wa kijijini anaijua, si kwa sababu haiharibiki.

Na kwa Ulaya msiziweke zote kapu moja. Porsche Cayenne V8 za mwanzo tatizo lao lilikuwa mabomba ya plastiki ya maji ya injini. Ukikuta yamebadilishwa kuwa ya chuma, umepona. X5 ya petroli V8 iliyotoka 2010 turbo zake zimekaa katikati ya injini, joto lote linapikia pale, hadi BMW wenyewe Marekani wakaanzisha mpango maalumu wa kuzihudumia mwaka 2014. Ila X5 ya zamani ya silinda sita isiyo na turbo ni gari tofauti kabisa. Kwa Range dizeli V6, wenye nazo dunia nzima wanalalamikia krankishafti. Oili ya kubadilisha mapema, si kusubiri kompyuta ikuambie.

#26 DerevaMstaafu
Kijana #25 una maneno mazuri, lakini nimeona V8 inaendeshwa taa ya injini inawaka kutoka Sumbawanga hadi Dar. Nitajie Range iliyofanya hivyo.

#27 Kumbukumbu
Mzee, V8 haikuwa sawa, ilikuwa imenyamaza tu. Range ikisikia sensa moja inajizuia mwendo ili isijiue. Mnaita ubovu, kumbe ni tahadhari.

#28 DerevaMstaafu
Tahadhari ya kuniacha porini saa nane za usiku na waziri nyuma. Haya.

#29 Nairobi_Westi
😂 Na mkisubiri ile mpya, Land Cruiser 300, V8 ya dizeli hakuna tena, ni V6 ya 3.3. Hata jina mtatafuta lingine.

#30 MtuWaMikocheni
Fundi #3, kuna mtu ameniambia ninunue Range nitoe mifuko yote niweke springi za kawaida. Inafaa?

#31 FundiTabata
Vifaa vipo na nimeshafunga. Kompyuta lazima idanganywe ili isikuwashie taa. Gari litatembea na halitalala. Lakini umelipia bei ya ile raha, halafu umeitoa ukaiacha gereji kwangu. Bora basi Prado.

#32 BiMbweni
Kaka apande treni ya SGR Dodoma, gari abaki nalo la Moshi. SGR haina kompresa.

#33 MtuWaMikocheni
Dada, mizigo ya Krismasi na mbuzi wa Moshi haipandi SGR hiyo, na reli yenyewe haifiki huko. Wakuu, nimefanya alichosema LeicesterBongo #8. Kuna Range Sport yadi moja hapa mjini, tangazo linasema kilomita 96,000. Nikapata namba ya Uingereza, nikaangalia. Ukaguzi wa mwisho unasoma 96,000 na ushee. Nikafurahi, halafu nikaona ni maili.

#34 LeicesterBongo
Hizo ni kama kilomita 154,000. Na mwaka wa mwisho waliandika nini kwenye maonyo?

#35 MtuWaMikocheni
Bushi za mbele zimechoka, na oili inavuja. Nikampigia muuzaji. Anasema dashibodi inasomeka 96,000, yeye kaandika alichokiona, kwa hiyo hajadanganya.

#36 Mbishi_wa_Temeke
Kitaalamu hajadanganya.

#37 DerevaMstaafu
Mbishi, kwani wewe unauza magari?

#38 FundiTabata
Kilomita 154,000 si kifo kama oili ilibadilishwa kwa wakati. Mwambie akupe karatasi za sevisi, na aniruhusu nilipime na mashine. Akikataa mashine, jibu unalo. Bei irudi chini kwa vyovyote.

#39 LeicesterBongo
Mimi ningeliacha. Magari mengine yaliyomo ndani ya nchi ni mengi.

#40 Mbishi_wa_Temeke
Nauza, lakini si hilo.